Kama mkoa wa Tanga ungekuwa na ndege wake rasmi, mngemchagua nani?

DerevaWaZigi anauliza:

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, ila kabla ya swali lazima niwasimulie habari ya kuku.

Mimi ni bodaboda wa Muheza. Mizigo yangu ya kila siku ni machungwa, wanafunzi, wagonjwa na kina mama wa sokoni. Lakini miaka sita sasa nina wateja wa aina nyingine, wale wanaokuja na darubini shingoni na kutaka wafike msitu wa Amani, kule milimani, kabla jua halijachomoza. Wa kwanza alinishangaza kweli. Nilimpandisha kona zote zile kutoka Zigi, tope la masika, roho juu, nikijua anakwenda kuiona bustani ya mimea ya Wajerumani, ile ya mwaka 1902. Tulipofika akashuka, akasimama pembezoni mwa shamba la chai, akakitazama kichaka kimoja saa mbili nzima. Kichaka! Mimi nikajilaza juu ya pikipiki. Alipomaliza alikuwa na machozi ya furaha, na mimi sijaona hata unyoya.

Mwezi uliopita nikambeba mzee mmoja Mmarekani, kwao jimbo la Delaware. Tumekaa tunakula wali maharage, akaniuliza ndege wa mkoa wenu ni yupi. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kwao majimbo yote 50 kila moja lina ndege wake rasmi, anafundishwa mpaka shuleni. Nikamuuliza, haya, wa kwenu nani? Akasema kuku.

Nilijua ananitania. Anasema hapana, kuku kabisa, kuku wa bluu, tangu mwaka 1939. Ati askari wa Delaware walipokwenda kwenye vita vya uhuru dhidi ya Mwingereza walikuwa na majogoo wa kupiganisha, na wao wenyewe wakapigana kama majogoo, basi jina likawaganda. Na si wao tu, jimbo la Rhode Island nalo ni kuku, mwekundu, tangu 1954. Halafu kuna ndege mmoja mwekundu anaitwa kadinali, huyo amechukuliwa na majimbo saba. Yaani watu wazima wameshindwa kukaa kikao wakagawana ndege. Utah ndio kiboko: ndege wao ni shakwe wa California! Wamebeba ndege mwenye jina la jimbo la wenzao, kwa sababu mwaka 1848 shakwe walishuka wakawala wadudu waliokuwa wanamaliza mazao ya walowezi. Hapo angalau kuna shukrani.

Nikarudi nyumbani nimekaa nawaza. Ngao yetu ya taifa ina karafuu na pamba, ina pembe za ndovu, ndege hamna. Twiga tunaye. Waganda wana korongo kwenye bendera, Wazambia wana furukombe. Mkoa wetu una mkonge tangu 1893, una samaki silikanti aliyewekewa hifadhi yake baharini, una hata ua: lile la zambarau ambalo Wazungu wanaliotesha madirishani lilitoka huku huku, Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892. Ndege je?

Mimi nina wangu, nimtaje mapema tusipotezeane muda. Ni yule wa kwenye kichaka. Kitaalamu anaitwa Artisornis moreaui. Ni wa ukoo wa ndege washonaji, wale ambao jamaa zao wa Asia hutoboa majani wakayashona kwa nyuzi za buibui mpaka yakawa kiota. Huyu wa kwetu ni kijivu, uso una kutu kidogo, mdomo mrefu kuliko anavyostahili, mkia umesimama. Ukimwona bila kuambiwa hutageuza shingo. Lakini duniani kote anapatikana sehemu mbili tu, milima yetu ya Usambara Mashariki na Njesi kaskazini mwa Msumbiji. Kati ya hapa na huko ni zaidi ya kilomita 800, hayupo. Jina alipewa mwaka 1931 kwa heshima ya Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti pale Amani.

Mimi nimemwona mara tatu kwa miaka sita. Mara nzuri kuliko zote sikuwa na mgeni. Cheni ilikatika njia ya Kwamkoro, mvua imetoka kunyesha, nimechuchumaa barabarani mikono myeusi kwa grisi. Nikasikia mlio mkali, unarudiwa, unarudiwa, kama mtu anayegonga kijiko kwenye glasi na hataki kuacha. Nikainua kichwa. Yuko kwenye mitambaazi iliyoning'inia juu ya mtaro, mita nne kutoka kwangu, anadonoa donoa majani makavu bila habari na mimi. Nikaacha cheni. Dakika kumi hivi. Lori la majani ya chai lilipopita akaingia ndani, basi.

Sasa maswali yangu ni mawili. La kwanza ndilo hilo la kichwa cha habari, mngemchagua nani na kwa nini. La pili ndilo linaloniuma zaidi: kuna anayejua jina la huyu ndege kwa Kisambaa au Kibondei? Nimewauliza wazee, nimewauliza wachuma chai, wote wananiambia "hivyo ni vindege tu". Mgeni anatoka Ulaya anajua jina lake, sisi tuliozaliwa naye hatuna la kumwitia.

MtotoWaNgamiani:

Mkuu, mbona ndege wa mkoa tunaye na hakuna aliyempigia kura? Kunguru. Njoo soko la samaki pale Deep Sea asubuhi uone nani mwenye mji. Ananyakua dagaa kwenye beseni huku muuzaji anamtazama. Vifaranga vya mama yangu vilikuwa tisa, vimebaki viwili.

Halafu ana sifa ya Utah: naye ni mgeni. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti asafishe taka, akavuka maji akahamia bara bila pasi ya kusafiria. Mimi nampa kura yangu kwa sababu ya juhudi.

MamaMagamba:

Kaka Dereva, salamu kutoka Lushoto. Nimesoma mpaka mwisho nikatabasamu, halafu nikakasirika kidogo. Nyie wa Muheza mkisema "Usambara" mnamaanisha Amani basi. Usambara ni mbili, katikati kuna bonde la Lwengera, na sisi wa Magharibi tupo juu zaidi na tuna baridi zaidi na tuna ndege wetu.

Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya wageni karibu na msitu wa Magamba. Saa kumi na moja na nusu ndio nawasha jiko. Nyuma ya jiko kuna njia inaingia msituni, na kwenye njia hiyo, wakati bado kuna kiza, huwa anashuka kindege cha kahawia, kifua cha kijivu, miguu mirefu, anarukaruka kwenye majani yaliyooza kama mtu aliyedondosha shilingi. Miaka mingi nilidhani ni ndege wa kawaida. Akaja mgeni mmoja na kitabu, akanionyesha: Sheppardia montana. Anaishi Usambara Magharibi tu, kuanzia mita 1,600 kwenda juu. Hapa tu. Hana Njesi, hana Msumbiji, hana Kenya.

Sasa kaka, wewe mwenyewe umesema sifa ya ndege wako ni kwamba anapatikana sehemu mbili duniani. Wangu anapatikana moja. Hesabu hiyo hata mjukuu wangu wa darasa la pili anaiweza.

MzeeWaPangani:

Yakhe, umenikumbusha mbali na hao kuku wa Delaware. Hapa pwani tuna kuchi. Mrefu, shingo ndefu, kichwa kidogo, macho ya ugomvi. Baba yangu alikuwa nao, Mungu amrehemu, na nakwambia jogoo wa kuchi akisimama barabarani hata mbwa anazunguka. Kama shabaha ni kuku wa vita, hao Wamarekani hawana la kutufunza, tuanzie hapo.

Lakini nataka niseme jambo la maana. Nimeona mnashindana kwa uhaba, nani ni adimu kuliko mwenzake. Mie naona alama ya mkoa inataka kitu kingine. Mpe mtoto wa shule ya msingi kalamu za rangi, mwambie achore ndege wa mkoa. Akichora kindege cha kijivu chenye mdomo mrefu, mwalimu atauliza hiki ni panya? Mie nasema kulukulu. Mwili kijani, kishungi chekundu, akiruka anafungua bawa, jekundu kama khanga mpya. Tena wekundu ule una shaba ndani yake, si maneno ya kunogesha, wataalamu wamepima. Msituni humwoni lakini unamsikia anakoroma juu ya mti. Yuko pwani, yuko milimani, Unguja yuko. Kila mtu wa mkoa huu kama hajamwona basi bibi yake amemwona.

Na nitoe tahadhari: msije mkamchagua bundi. Najua Amani mnaye bundi mkubwa, yule wataalamu wanamwita vosseleri, na huku chini kwenye misitu ya tambarare kuna yule kibundi mdogo ambaye watu walidhani yuko Kenya tu, msitu wa Sokoke, mpaka miaka ya 1990 akaonekana upande wetu. Wageni wanalipa pesa wapelekwe usiku kumsikia. Sawa. Lakini bundi akilia juu ya paa la mtu Pangani, hakuna anayelala. Mie nina miaka sabini na moja, nimesoma, nimekuwa karani, na bado bundi akilia natoka nje nasema maneno yangu. Ukimweka kwenye bango la mkoa watu watazunguka njia.

MtotoWaNgamiani:

Mzee wangu shikamoo. Hayo maneno unayomwambia bundi ni yapi? Naomba kwa ajili ya kunguru.

MzeeWaPangani:

Marahaba. Hayafai kuandikwa.

MwalimuWaKorogwe:

Nimeyapenda haya mazungumzo, na jana nimeyafanyia kazi. Nina darasa la sita, wanafunzi 58. Niliwauliza bila kuwapa orodha: tukiwa na ndege wa mkoa, awe nani? Hondohondo alishinda kwa mbali. Wa pili tai, wa tatu kuku (mtoto aliyemtaja alikuwa na njaa, ilikuwa kipindi cha mwisho). Ndege mshonaji hakupata kura hata moja. Wa Magamba pia hakupata. Poleni.

Nilipowauliza kwa nini hondohondo, mmoja akasema "kwa sababu akipita juu unasikia mabawa kama mtu anapepeta mchele". Mwingine akasimulia alivyoonyeshwa na babu yake tundu la mti ambamo jike alikuwa amejifungia. Ni kweli, jike huingia kwenye tundu, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki upenyo, na dume kazi yake ikawa kubeba matunda mpaka makinda yakue. Wasichana wa darasani walicheka sana hapo. Wavulana hawakucheka.

Ila binafsi, kama mwalimu wa Kiswahili, nina wangu wa moyoni. Kuna chozi mmoja, kindege kidogo anayekunywa asali ya maua, kichwa cheusi chenye kung'aa kijani, tumbo jeupe. Wataalamu wanamwita kwa jina la Amani. Kwa Kiswahili basi anakuwa chozi wa Amani. Jamani, jina hilo halihitaji mshairi, limeshajitunga. Nani hapa anao ndege wenye jina kama hilo?

MstaafuMisitu:

Mwalimu, chozi huyo ni mzuri lakini tunamgawana. Yuko Udzungwa, yuko Arabuko-Sokoke kule Kenya. Mkimtangaza, Wakenya watadai nusu ya chozi.

Kuhusu hondohondo, nimefanya kazi kwenye misitu ya Usambara Mashariki miaka mingi na sina ugomvi naye, ila wacha niseme ninachokijua. Kuna mti unaitwa msizi, Maesopsis eminii, asili yake ni huko kanda ya Ziwa na Uganda. Uliletwa Amani na wataalamu wa misitu, unakua haraka, wakaona umewafaa. Halafu zikaja zama za magogo, msitu ukatobolewa matundu makubwa mpaka miaka ya 1980, na msizi unapenda tundu lenye jua. Sasa nani alipanda mbegu ndani ya msitu ambako hakuna mtu aliyepanda? Hondohondo. Anameza tunda, anaruka bonde zima, anatema kokwa. Tunamlaumu? Yeye kakuta chakula kala. Lakini ukipita leo ukaona misizi imejipanga katikati ya miti ya asili, jua bwana yule ndiye aliyekuwa mkulima.

Dereva, nikurudie wewe. Mshonaji wako hapendi msitu mnene uliofungamana. Anataka pembezoni, mahali mti mkubwa umeanguka, mitambaazi imejaa, jua linaingia. Ndiyo maana mnamwona karibu na chai na karibu na bustani. Watu wengi wanafikiri ndege adimu lazima akae mbali na binadamu. Huyu anakaa nyuma ya nyumba zenu.

Na kuhusu majina: ndege wetu wengi wamebeba majina ya Wazungu, Moreau, Vosseler, Fischer. Waliokuwa wakiingia msituni kuwatafuta na kujua kila mlio walikuwa wenyeji. Ni wachache mno waliokumbukwa kwenye jina. Mmoja ni Jali Makawa wa Malawi. Kuna ndege mmoja wa Zambia amepewa jina lake, makawai, mwaka 1965. Na ndege huyo amepatikana mmoja tu, hajaonekana tena. Sijui tucheke au tulie.

DerevaWaZigi:

Wakuu nimechelewa kujibu, nilikuwa na mzigo wa Korogwe na tairi likanifanyia visa.

Mama Magamba, kwanza shikamoo, nimeona una mjukuu. Hesabu yako ni sahihi na nimekubali kushindwa. Nilitaka kujitetea kwamba na sisi Mashariki tunaye wa kwetu peke yetu, Hyliota usambara, mgongo mweusi, kifua rangi ya chungwa, angefaa hata kuwa ndege wa Muheza kwa ajili ya machungwa. Lakini nikajiuliza, mbona simpendi kama yule mwingine? Basi si uhaba ninaoutafuta. Mzee wa Pangani umenigusa hapo.

Mstaafu ndiye amenifungua. "Anakaa nyuma ya nyumba zenu." Nilisoma hilo neno usiku, Jumapili nikapanda kwa mama mkwe, Kwamkoro. Amechuma chai pale tangu ujana wake. Nyumba yake ndiyo ya mwisho, baada ya hapo ni choo, baada ya choo ni mitambaazi, baada ya mitambaazi ni msitu. Nikamwekea sauti ya ndege kwenye simu, taratibu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. (Hilo la mlango lina sababu, nitasema.) Akasikiliza huku anapepeta mahindi. Akasema, "Huyo? Huyo ni yule wa chooni."

Nikamwuliza mama, wa chooni vipi? Akasema kila asubuhi akienda na kopo lake la maji, ndiye anayemwamkia. Miaka yote. Akinyamaza siku mbili anajua kuna nyoka au paka mwitu kwenye mitambaazi. Na mwaka ule mume wake alipotaka kufyeka pale apande hiliki, yeye alikataa, si kwa ajili ya ndege, ni kwa sababu choo kingeonekana barabarani.

Miaka sita nimepanda na kushuka na watu wenye darubini za bei ya pikipiki yangu, tunapita mbele ya nyumba hiyo, nasalimia "mama hujambo" natia gia. Hata siku moja sikumuuliza.

Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo nikaenda chooni na kopo. Nikasimama pale sina haja yoyote. Alikuwepo. Wawili.

Sasa la mlango. Kuna wageni wanaweka sauti yake kwenye spika wanaipiga mara ishirini, thelathini, mpaka ndege atoke apigwe picha. Yeye anadhani kuna mwenzake ameingia kwenye himaya yake, anatoka mbio, anazunguka, anaacha kula, anaacha kiota. Mwaka jana nilimwambia mgeni mmoja inatosha. Alinuna na sikupata tipu. Hapo kwa mama mkwe sitampeleka mtu wa spika, na ndiyo maana sitaandika nyumba iko wapi zaidi ya nilivyoandika.

Kwa hiyo kura yangu haijahama. Mzee wangu, mtoto akichora akaambiwa ni panya, aongeze choo pembeni, mwalimu ataelewa.

MwalimuWaKorogwe:

Basi jina lake kwa lugha yetu limepatikana: "yule wa chooni". Siwezi kuliandika ubaoni.

MzeeWaPangani:

Mwite fundi. Anashona, anaamka mapema, anapiga kelele moja hiyo hiyo kutwa kama cherehani, na anakaa jirani na watu. Fundi. Pangani nzima tunaye mmoja wa hivyo, yuko karibu na kivuko, suruali yangu anayo tangu Ramadhani.

MstaafuMisitu:

Fundi naliafiki. Na wala halina dharau.

MamaMagamba:

Mimi nataka nimwone huyo Fundi kabla sijampigia kura. Kaka, Jumamosi ya wiki ijayo nina mapumziko. Nikishuka Muheza kwa basi la jioni Ijumaa, unanichukua bei gani kwenda na kurudi? Na usiniambie bei ya wageni, mimi ni mtu wa hapa hapa mkoani.

DerevaWaZigi:

Mama yangu, mafuta utaweka wewe, nguvu za pikipiki ni zangu. Tunatoka Muheza saa kumi alfajiri, Zigi tunasimama kidogo tunywe chai, alfajiri pale ubaridi unauma na mto unanguruma (maji ya huo huo Zigi ndiyo wanayokunywa Tanga mjini, MtotoWaNgamiani kumbuka hilo ukioga). Vaa buti na sweta, ingawa wa Lushoto hamfundishwi sweta. Simu uje nayo ila sauti za ndege tutaziacha mfukoni. Na umletee mama mkwe peasi za Lushoto, anazipenda, maana tutakuwa tumepanga foleni mlangoni pa choo chake asubuhi na mapema.

MamaMagamba:

Peasi nakuja nazo kilo tatu. Na wewe ujiandae, mwezi unaofuata ni zamu yako kupanda Magamba. Saa kumi na moja na nusu, nyuma ya jiko langu.